Wakimbiaji wa Faraji

Dar es Salaam, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Hassani,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila Mama mguu unamsumbua na hataki kuambiwa akae. Hilo bega umelipeleka kwa daktari, au bado unalichua kwa mafuta?

Kamati ya besiboli ya vijana inatafuta mwalimu wa warushaji, hapa hapa Dar. Miaka yote hiyo ya kulinda mlango wa hoteli inatosha. Wanao wanakujua kwa sauti ya simu. Hao wa kamati ushindi hawauangalii, maana timu mbovu humwangusha hata mrushaji mzuri. Wanaangalia kila awamu umewaachia wapigaji wangapi wafike kwenye vituo, kwa kukupiga au kwa wewe kurusha ovyo. Anayezidi mmoja na robo hawamwiti.

Nimepiga hesabu kwa karatasi za mechi ulizonitumia. Umepata mmoja na nusu. Siamini! Mimi ndiye niliyekudakia uani tangu mdogo, mkono wako naujua. Kuna nini?

Dada yako,
Sabra

Doha, 14 Februari 2025

Shikamoo Dada,

Mie mzima, alhamdulillahi. Bega linavumilika. Mpe Mama pole.

Hesabu yako ni sahihi, karatasi ndizo zenye walakini. Unamkumbuka Faraji, tuliyekaa naye chumba kimoja hapa Najma, akafia kazini mwaka juzi? Mkono wake uliungua jikoni hotelini, vidole vikawa havikunjiki. Mpira ukimfikia, unamponyoka. Kwa sheria, hilo ni kosa la mdakaji, mrushaji hahesabiwi. Lakini basi letu la kwenda uwanjani Umm Salal lina viti vichache, na mwenye makosa mengi humpisha mwenzake. Faraji hakuwa na pa kwenda pengine siku ya Ijumaa.

Basi kila alipoangusha, nilimwambia Bradley, Mkenya anayetuandikia mechi, “Andika nimepigwa mimi.” Ananiambia, “Wee Hassani, unajiharibia rekodi bure, bana.” Lakini anaandika.

Mdogo wako,
Hassani

Dar es Salaam, 16 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikalia, kisha nikakukasirikia. Bradley si yupo? Aandike ushahidi. Tukiwatoa wakimbiaji wa Faraji, wale waliofika vituoni kwa makosa yake, unabaki na mmoja na kidogo, na kazi ni yako. Marehemu hadhuriki na lolote. Wanao wanadhurika.

Dada yako,
Sabra

Doha, 21 Februari 2025

Shikamoo Dada,

Bradley yuko tayari. Mimi ndiye nasita. Tulipomsafirisha Faraji tuliweka jezi yake na karatasi ya msimu wake wa mwisho. Mama yake, Bi Zuleikha wa Temeke, ameitundika sebuleni. Imeandikwa: makosa, hakuna. Kamati ikiuliza habari hizi kwa wachezaji, zitamfikia tu.

Kazi hiyo naitaka, Dada. Nimechoka na huku, nataka kulala nyumbani kwangu. Nenda kamwone, kisha uamue wewe. Utakalopeleka nitalikubali.

Mdogo wako,
Hassani

Dar es Salaam, 2 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Idi njema. Hujambo? Wanao wamevaa viatu ulivyotuma, hawataki kuvivua hata ndani. Unisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa najivuta kwenda Temeke, nikaenda Idi pili.

Bi Zuleikha alinipokea vizuri, akanikalisha chini ya ile karatasi. Aliweka visheti, akaniuliza kama mchezo wenyewe naujua. Nikasema kidogo. Sikumwambia mimi ni dada wa nani.

Akasema, “Mwanangu hakuangusha hata mpira mmoja, na mkono ule! Aliyewaponza ni mrushaji wao. Kila siku anapigwa yeye. Sijui walimwekea nini pale. Au nasema uongo, mwanangu?”



“Kweli, mama,” nikamwambia. “Huyo mrushaji alikuwa dhaifu.”

Leo asubuhi nimepeleka kwa kamati mmoja na nusu.

Dada yako,
Sabra