Kuomba Ufunguo kwa Kiyidishi

London,
Jumapili jioni

Mume wangu mpendwa, Baba Neema,

Mko salama hapo Misunkumilo? Neema ameacha kukohoa? Na mama yetu, mguu umepoa au bado anajikongoja? Mimi nashukuru, mwili ni mzima, nakula na nalala. Ni moyo ndio nataka nikueleze leo. Kwenye simu kila ukiniuliza hali nakujibu "nipo tu", halafu salio linakata, unabaki hujui "nipo tu" ndiyo nini.

Barua hii anakuletea Dada Rehema, yule mama wa Kigoma tunayesali naye. Anakuja likizo na atapita Mpanda kwanza. Mpokee vizuri, mpikie kuku, maana bila yeye sijui ningekuwaje huku.

Mara ya mwisho uliniuliza, "Kama wanakufungia ndani, kwa nini hutoki?" Nikakata simu. Hukuniudhi, mume wangu. Nilikosa jibu la haraka tu. Leo ninalo, ila ni refu.

Unajua ninamtunza Bi Gitl, bibi wa Kiyahudi. Watu wa mtaa huu ni wacha Mungu sana. Wanaume wanavaa makoti marefu meusi hata kukiwa na jua, wanawake wanafunika nywele, na Jumamosi hawawashi moto wala hawashiki simu. Wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kiyidishi. Mwanawe, Yoysef, na mkewe Brayndl wanaishi nyumba ya jirani na watoto wao. Si watu wabaya. Brayndl akipika hunigawia, na nilipougua mafua alinizungushia shingoni skafu yake mwenyewe.

Lakini mlango wanaufunga kwa nje. Kabla sijaja, Bi Gitl alitoka peke yake akakutwa kituo cha basi, miguu mitupu, kwenye baridi. Tangu siku hiyo funguo ni mbili tu, moja ya Yoysef na nyingine ya Brayndl. Asubuhi wanafungua, wanaleta vitu, wanafunga. Jumapili Brayndl anakaa na bibi, mimi naenda kanisani. Siku nyingine zote mimi na Bi Gitl tuko ndani, na dirisha la jikoni linafunguka kiasi cha kupitisha mkono.

Bi Gitl alikuwa anajua Kiingereza vizuri, wanasema alifundisha watoto. Ugonjwa wa kusahau umekiondoa chote. Kilichobaki ni Kiyidishi cha utotoni mwake. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunatazamana tu. Analia, sijui analilia nini. Anaomba kitu, namletea maji, anayasukuma. Nikimvua nguo nimwogeshe ananipiga, na mimi siwezi kumwambia kwamba ni kuoga tu.

Dada Rehema ndiye aliyeninusuru. Alishafanya kazi mtaa huu. Siku moja baada ya ibada akanipa kitabu kidogo cha maneno ya Kiyidishi na Kiingereza, kinaingia kwenye mfuko wa aproni. Akasema, "Chukua, Felista. Mimi kilinisaidia kununua mkate. Wewe sijui."

Ni kitabu cha wasafiri. Kina sura ya treni, ya hoteli, ya posta, ya fundi cherehani. Ukitaka kuuliza kama kiti hiki kina mtu, utakuta. Hakuna sura ya kumwogesha mtu mzima anayelia. Ikabidi niokote neno moja treni, jingine hoteli, niunge mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya Bi Gitl nikasoma, "Gut morgn." Yaani habari za asubuhi.

Akanitazama kama nimeongea kutoka kwenye redio. Akasema, "Git."

"Gut," nikarudia.

"Git!" Akapiga meza kwa kiganja. "Git morgn!"

"Git morgn," nikasema.

Akacheka, mume wangu. Sikuwahi kumwona akicheka. Akanishika shavu akasema maneno mengi ambayo sikuelewa hata moja. Baadaye Brayndl akanieleza kuwa kitabu changu kina Kiyidishi cha watu wa upande mwingine, wao wanatamka tofauti. Ni kama mtu ajifunze Kiswahili cha Unguja halafu aje kununua mchele kijijini Mamba. Basi nikawa nasoma kitabuni, bibi ananinyoosha, hivyo hivyo bibi yangu alivyokuwa akininyoosha Kirundi pale kambini Katumba nikiwa mdogo. Kuoga kukawa rahisi. Nikimwambia "varem", yaani ni ya moto, anaweka mguu mwenyewe.

Lakini nilivyozidi kujua ndivyo nilivyozidi kubanwa. Kulikuwa na maneno aliyokuwa akiyasema kila siku tangu nifike, akitazama mlangoni: "Efn di tir." Mimi nilidhani ni sala. Nikayatafuta, nikayakuta sura ya hoteli. Fungua mlango. Ndicho alichokuwa akiniomba muda wote ule, na mimi namjibu kwa chai.

Kuanzia hapo nikawa namjibu ukweli, kwamba mlango umefungwa. Ananisikiliza, anakubali kwa kichwa, anakaa. Baada ya muda kidogo anaanza tena. Efn di tir. Kuna siku nilijikuta nimekaa naye kwenye ngazi, tunautazama mlango wote wawili, na mimi nayasema naye.

Sasa ya Jumamosi, si ya jana, ile ya kabla yake. Kwa kuwa siku hiyo hawawashi moto, chakula chao cha mchana, maharage na nyama na viazi, hutelekwa Ijumaa kabla jua halijazama, moto mdogo mdogo, mpaka kesho yake. Wanakuja kukila hapa kwa bibi wakitoka sinagogi. Jumamosi hiyo maji ya sufuriani yalikauka mapema. Nilikuwa juu namvalisha Bi Gitl, nikasikia harufu. Kushuka, jikoni kumejaa moshi mweusi, macho hayafunguki. Nikazima jiko, nikafunika sufuria kwa taulo mbichi, nikasukuma dirisha mpaka lilipogomea. Moto haukuwepo, ni moshi tu, lakini moshi ulikuwa mwingi na hauna pa kutokea.

Bi Gitl akashuka ngazi peke yake. Alipouona moshi alibadilika, Baba Neema. Sijawahi kuona hofu ya namna ile kwa mtu mzima. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja mlangoni akaanza kuupiga kwa ngumi mbili. "Efn di tir! Efn di tir!" Nikampigia Yoysef, simu ilikuwa imezimwa, nilijua itakuwa imezimwa. Nikaenda nikasimama karibu na bibi, nikaupiga na mimi. Tukapiga pamoja, tukipaza sauti pamoja, kwa lugha ile ile.

Mama mmoja jirani akasikia, akainama kwenye tundu la mlangoni la kupitishia barua. "Nini?" Nikamwambia kwa Kiingereza, moshi, hatuna ufunguo, kamwite Yoysef. Nikamsikia akikimbia.

Tukabaki tunasubiri. Moshi ulianza kupungua. Bi Gitl alikuwa ameegemea mlango, vifundo vya vidole vimechubuka. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, taratibu kabisa, "Ver hot inz farshlosn?"

Sikugusa mfuko wa aproni. Nilielewa kila neno. Nani ametufungia?

Jibu nilikuwa nalijua, na maneno yake nilikuwa nayo. Mwanao. Ni neno moja tu. Nikamtazama usoni nikashindwa. Nikamwambia, "Ikh vays nisht." Sijui. Akanishika mkono, akaupapasa, kana kwamba mimi ndiye wa kubembelezwa.

Yoysef alikuja mbio, kofia mkononi, jasho linamtoka. Alipofungua, mama yake alimrukia kifuani akamwambia waondoke upesi. Yoysef aliiona mikono ya mama yake ilivyochubuka. Brayndl na watoto wakaingia, wakafungua kila kitu, mchana wakala mkate na samaki baridi.

Wakiwa mezani nikaenda nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno kichwani jikoni. Nikasema, "Zayt azoy git, git mir dem shlisl." Tafadhali, naomba ufunguo.

Watoto wakaangua kicheko. Ile sentensi ni ya mgeni wa hoteli anayetaka chumba chake. Hata Brayndl alitabasamu. Halafu akamwangalia mumewe, akaacha.

Yoysef akasema kwa Kiingereza, "Tunafunga kwa ajili yake. Akitoka tena akapotea?"

Nikamwambia, "Hatatoka bila mimi. Na mimi je, mnanifunga kwa ajili ya nani?"

Kesho yake nikitoka kanisani Yoysef alinipa ufunguo mkononi, akaniomba msamaha, mfupi lakini wa kweli.

Utasema, basi, mambo yameisha. Sikiliza. Jumatatu nilimvalisha Bi Gitl koti na viatu, nikamwambia leo tunafungua. Nikafungua mlango wote. Akasimama kizingitini. Akatazama barabara, magari, duka la mkabala, akatazama muda mrefu. Akasema, "Nisht du." Si hapa. Kisha akageuka akarudi ndani akakaa kwenye ngazi. Mimi nikabaki pale, ufunguo mkononi, na nikajiuliza nikishuka zile ngazi mbili za nje nakwenda wapi. Kibali changu kina jina la kazi hii tu. Nikiiacha, nchi hii haina mahali pangu.

Ndilo jibu la swali lako. Na lile wazo la binamu yako, kwamba nitoroke nijifiche mji mwingine kama wengine, silitaki. Hapa nikipiga mlango kuna jirani anayesikia. Huko nitakuwa naogopa hata kukohoa.

Nimeshamwambia Yoysef kwamba kibali kikiisha siongezi. Aliniuliza, "Na yeye atabaki na nani?" Wewe pia usiniulize, maana hilo linanisumbua kuliko mlango. Msimu huu wa mvua utalima peke yako, mume wangu. Unaokuja tutashika jembe wote. Mwambie Neema hivyo, ila usimwambie kesho, maana kwake kila kitu ni kesho.

Nisalimie mama mkwe, mwambie ajipake ile dawa ya mguu, asiihifadhi. Kaka yako wa Mamba mpe hongera ya mpunga. Shangazi wa Sibwesa mwambie kitenge chake kiko kwa Dada Rehema. Na wanakwaya wenzangu, nyie msinisahau kwenye sauti ya pili.

Ningeandika zaidi, lakini Bi Gitl ananiita kutoka juu. Ananiita Rivke. Wiki hii nilimuuliza Brayndl huyo Rivke ni nani, akasema ni dada yake Bi Gitl. Walitenganishwa wakiwa watoto, wakati wa vita kule kwao, na hakuonekana tena. Tangu nilipojua, akiita naitika mara ya kwanza, simwachi aite mara mbili.

Sasa ameita. Nakwenda.

Mkeo akupendaye,
Mama Neema