Jumapili za Skrini ya Bluu

Kibomet, Kitale
26 Mei 2013

Dada yangu mpendwa Nakhumicha,

Pokea salamu zangu, za mama, na za kila mtu anayelala chini ya paa letu kule Bungoma. Natumaini joto la Doha halijakumaliza na kwamba mgongo wako umetulia. Sisi tuko, tunapumua. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Mahindi yamefika magotini, na yule ng'ombe mweusi aliyekukimbiza mpaka ukapoteza kiatu amezaa ndama jike. Barua hii anakuletea Chesang, ambaye likizo yake imeisha na anarudi huko kazini Alhamisi. Nimemwomba akupe mkononi, ukiwa umekaa.

Wiki tatu zimepita tangu tumzike baba. Watu walikuja wengi, hata wazee wa sokoni aliowanyoa kwa miaka thelathini, kila mmoja akidai kwamba ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza. Siku ya tatu tulinyolewa nywele kama desturi inavyotaka. Aliyetunyoa alikuwa na mkono mzito. Mama akasema ati baba yetu Wepukhulu angemwona huyo akishika wembe angefufuka amnyang'anye. Tulicheka, kisha tukalia tena.

Dada, siku ya mazishi ulinipigia simu ukaniuliza mimi ni fundi wa namna gani, ninayetengeneza kompyuta za Kitale nzima na kushindwa na moja ya baba yangu. Ulisema kama ungemwona uso wake hata mara moja ungepanda ndege ukaja. Sikukujibu. Nilikuacha uamini kwamba mimi ni fundi bure. Leo nakujibu, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Unakumbuka mwezi wa pili ulipotuagiza tutafute njia ya kuonana, kwa kuwa simu zetu za hapa ni za kupiga na kutuma meseji tu. Niliibeba kompyuta ya dukani kwangu kwenye gunia la mbolea, nikaiweka chumbani kwa baba, mkabala na kitanda. Kamera niliinunua kwa mtu hapa mjini, kuukuu, pamoja na sidii yake. Jumapili ya kwanza, mara tu nilipoichomeka, skrini iligeuka bluu, maandishi meupe yakajaa, mashine ikajizima na kujiwasha upya. Nikiichomoa kamera, mambo yanakuwa sawa: sisi tunakuona wewe, wewe unaona giza na kusikia sauti zetu.

Nililaumu umeme wa Bungoma. Nikaleta kifaa cha kutuliza umeme, wapi. Nikatoa memori nikaisugua kwa kifutio cha penseli, kama tunavyofanya mafundi wote wa huku tukiishiwa na akili. Nikafuta kila kitu nikaweka Windows upya. Jumapili tatu zikapita hivyo, bluu juu ya bluu. Mwishowe rafiki yangu Cheruiyot, tunayeshiriki naye duka, aliniambia niache kusugua vitu na nisome yale maandishi meupe. Niliyasoma. Kulikuwa na jina la faili moja, na faili hiyo ilikuwa ya draiva ya kamera, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta iitambue. Ile ya kwenye sidii ilikuwa ya Windows ya zamani, na mimi kila nilipoanza upya nilikuwa nairudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipata draiva sahihi kwenye mtandao, nikaiweka kwenye flashi, na Jumamosi ile ile nikapanda gari kwenda nyumbani kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Ndiyo, dada. Kamera ilipona. Ilipona mapema mwezi wa nne.

Nilimwinua baba, nikamwegemeza kwenye mito, nikabonyeza kurekodi ili nijaribu. Picha ilikuja safi. Baba akatazama skrini, akasogea karibu, akaniuliza huyo mzee ni nani.

Nilidhani anatania. Unajua alivyopenda utani. Lakini alinyanyua mkono, na yule wa kwenye skrini akanyanyua wake, na hapo nikaona uso wake ukielewa. Kumbe mama alikuwa ameondoa kioo chumbani tangu Krismasi, na mimi nisiyekaa pale sikuwa nimeambiwa. Baba yetu, aliyekuwa hawezi kwenda hata kuchota maji bila kujitazama kidevu, alikuwa hajaona uso wake miezi mitatu. Mashavu yalikuwa yameisha, dada. Shingo ilikuwa imevimba upande mmoja. Mimi ndiye niliyemwonyesha, tena nikitabasamu.

Aliishika shingo yake pale palipovimba. Kisha akaniambia nisithubutu kukuonyesha huyo mzee. Alisema ukimwona utaacha kazi na kuja kukaa kando ya kitanda, na yeye hataki kuagwa, anataka kusalimiwa. Mama alimsihi. Mimi nilinyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakonila.

Kusema uongo kwa mdomo siwezi, unanijua, ungenigundua kabla sijamaliza sentensi. Kwa hiyo niliifanya mashine iseme uongo kwa niaba yangu. Niliitoa draiva nzuri nikairudisha ile mbovu. Jumapili tatu mfululizo ulisema nijaribu tena, nami nilichomeka kamera mbele ya baba na mama nikijua kitakachotokea. Simu ikikatika, naichomoa kamera, nakupigia tena, nakuambia imekataa. Nawe ulinihurumia. Baba alikuwa akikutazama wakati huo wote. Ulipogeuka kumwonyesha sare yako mpya alisema umenenepa vizuri. Uliposema unaongea na giza na machozi yakakutoka, aliweka kidole chake kwenye skrini, pale shavuni pako, akakiacha hapo. Hukujua, na mimi nilikuwa naona.

Sasa nifike ile Jumapili ya mwisho. Asubuhi aliniita akaniambia nimnyoe. Nilimnyoa kwa wembe wake, akinielekeza kila mstari. Akaomba shati jeupe na tai yake ya kijani. Kisha akasema leo mama aone, si huyu mzee ni wake pia. Unakumbuka alivyokuita mama, kwa sababu una jina la mama yake.

Flashi yenye draiva nzuri nilikuwa nimeiacha hapa Kibomet. Nikaifuta ile mbovu, nikachomeka kamera, na kompyuta ikaitafuta yenyewe ilikojificha na kuirudisha. Bluu. Nikafuta tena. Bluu. Nikajaribu kuipakua nzuri kwa modemu, ikafika nusu, mtandao ukapotea. Mara ya tatu, bluu. Wewe ulisubiri saa yako nzima ya mapumziko, ukasema usijali Wanjala, tutajaribu Jumapili ijayo. Baba akakuambia kwa simu kwamba amevaa tai ya kijani, ukacheka, ukamuuliza anaenda kuoa nani. Alikaa na hiyo tai mpaka jua likashuka, akikataa kulala isije ikajikunja. Jumanne alfajiri akatuacha.

Kwa hiyo sikushindwa na kompyuta, dada. Niliiweza. Nilichokuibia siwezi kukirudisha, na sitasema nilitii tu, kwa sababu ningeweza kukunong'oneza nawe ungekuja. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, bado mimi ni mdogo wako.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Lile jaribio la siku ile kamera ilipopona lilibaki kwenye mashine, sekunde arobaini, na sina picha nyingine ya miezi yake ya mwisho. Sijaweza kuitazama zaidi ya pale anapouliza huyo mzee ni nani. Ukiamua kuifungua, naomba umjibu wewe. Mimi siku ile sikumjibu.

Mama anakusalimu na anasema usiache kula. Ndama tumempa jina lako, usikasirike. Mungu akutunze mpaka siku tutakapokupokea nyumbani, na nitakuwa wa kwanza kusimama mlangoni, hata ukija na fimbo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Wanjala