Uji wa Siku ya Tatu

Ilomba, Mbeya
19 Julai 1956

Kwako dada mpendwa Tusekile,

Salamu nyingi zikufikie huko Iringa. U hali gani, na watoto wamepona kikohozi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Baba mkwe amepasuliwa tumbo hospitali ya misheni. Utumbo ulijisokota, na mdogo wake, Anania, aling'ang'ania dawa za mizizi siku nne nzima kabla hatujambeba. Daktari alituhoji mpaka nikachoka: ana umri gani, anavuta kiko, alianza kukonda lini, mbona mmechelewa. Akasema mzee mvuta tumbaku, aliyekonda, tena aliyecheleweshwa, hupona kwa shida. Nikajisemea, ahaa, huyu anatafuta kisingizio mapema!

Asukile, mume wangu, yuko migodini Rodeshia, basi wa kumuuguza ni mimi. Na mila yetu unaijua, mke haonani na baba wa mumewe. Nilishinda nje, chini ya dirisha la wodi, nimempa mgongo.

Siku ya tatu wakampa uji. Jioni tumbo likavimba, akatapika maji ya kijani. Nikamshuku Jailos, dresa anayewahudumia wagonjwa wa wodi ile. Mtu gani ananawa mikono kila saa kama hana analoficha? Nikamwambia Anania, Anania akamfuata daktari. Jailos amesimamishwa kazi, na leo asubuhi mzee amepasuliwa tena.

Dada, nisikufiche. Kabla ya uji ule Jailos alimuuliza mzee kama ametoa hewa kwa chini, maana bila hiyo utumbo bado umelala na chakula ni hatari. Mzee alijifunika blanketi kwa sababu nilikuwa nasikia. Jailos akanigeukia mimi dirishani: wewe unayeshinda hapa, umesikia? Jamani, aibu ile! Nikasema ndiyo, ili aondoke tu. Sikuwa nimesikia kitu.

Mchana huu Jailos amenijia. Hakunigombeza. Alisema mzee alimweleza, kabla ya kupasuliwa tena, kwamba alinisikia nikijibu na alijua si kweli. Akanywa uji wote, kwa kuwa hakuweza kumfanya mkwe wake mwongo mbele ya watu.

Mpaka sasa hajazinduka. Nikifunga barua hii naenda kwa daktari kusema yote, Anania akiwepo.

Wasalimie shemeji na watoto. Mwombee sana huyo mzee, ambaye sijawahi kumtazama usoni.

Ni mimi mdogo wako,
Tupokigwe