Usipige Risasi za Baba

Sanduku la Posta 41,
Grindstone Flat,
Montana.

9 Novemba, 1986

Mpendwa mdogo wangu Marit,

Pokea salamu zetu nyingi, ndugu yangu. Hamjambo huko? Mguu wa shemeji Royce umeunga vizuri, au bado anachechemea na kujifanya hauumi? Mto umeshaganda, au rubani anayewaletea barua bado anatua majini? Huku theluji ya kwanza ilianguka Jumanne, na ng'ombe tulikuwa tumeshawashusha bondeni salama. Clarice hajambo, kifua chake kimetulia tangu tuhamie chumba cha nyuma. Binti yetu Solveig amenipita mabega na anakula chakula cha watu wawili. Baba mwili wake haujambo. Nimesema mwili kwa makusudi, na nitakueleza.

Mimi nami sijambo kwa kiasi. Ukiona mistari yangu inapanda na kushuka, usidhani nimekunywa. Jicho langu la kulia halioni tena, Marit. Madaktari wamefanya walichoweza. Nimeanza kuzoea, ila kahawa bado naimimina nje ya kikombe, na mke wangu ananifuata nyuma na kitambaa.

Najua ule ujumbe wa redioni uliwashtua. Nilipiga simu kile kituo kinachowasomea habari watu wa mitoni msio na simu, yule binti akaniambia niseme kwa maneno machache, nikakosa la kusema zaidi ya: "Marit na Royce, msipige risasi za Baba hata moja. Barua inakuja. Halvor." Nimewaza mara nyingi watu wa mto mzima walivyolisikia jina la mzee wetu wakiwa mezani, na nikaona haya kwa niaba yake. Lakini Royce alipomtuma rubani aniambie kwamba sanduku la risasi alizowajazia Baba halijafunguliwa, nilikaa kwenye ngazi nikalia. Hata tulipomzika Mama sikulia vile.

Sasa nikueleze toka mwanzo, maana kwenye simu na redio mambo haya hayasemeki.

Utaratibu wa huku unaujua. Mtu hapigi risasi zilizojazwa na mtu mwingine, hata awe rafiki wa kanisani, hata akupe bure. Kila mtu anaokota maganda yake ya risasi, anayajaza baruti upya nyumbani kwake, anazipiga mwenyewe, na akifa wenzake wanazivunja. Sisi pekee tulikuwa nje ya sheria hiyo, kwa sababu tulikuwa na Baba. Hata Emmett Raftery, jirani yetu asiyemwamini mkewe kumtilia chumvi kwenye mayai, alikuwa anapiga risasi za Baba bila hata kuuliza ameweka nini ndani. Miaka arobaini haikugoma hata moja.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tulikwenda uwanja wa shabaha kurekebisha bunduki kabla ya msimu wa kulungu, mimi, Emmett na Solveig. Huu ulikuwa uwe msimu wa kwanza wa Solveig, na nilikuwa nimempa bunduki ya Mama, ile fupi. Nikamwambia anipishe nipige mbili nione inaelekea wapi, kisha ashike yeye. Risasi ya kwanza ilinipiga teke kuliko kawaida, na komeo likawa gumu kufunguka. Wewe umekulia kwenye meza ya Baba ya kujazia risasi, unajua maana yake: baruti imezidi nguvu. Komeo likikaza unaacha, unakusanya vitu vyako unakwenda nyumbani. Emmett alinitazama, nami nikamwambia, "Ni za Baba hizi." Akaigeukia tena shabaha. Nikatia ya pili.

Sikusikia mlio. Nilimsikia Solveig tu akipiga kelele. Bunduki ya Mama ilipasuka juu ya chemba, pale inapokaa risasi, kitako kikagawanyika vipande viwili. Miwani ya kukinga macho nilikuwa nimeipandisha kwenye kofia ili nione shabaha vizuri. Hilo ni langu, simsingizii mtu. Lakini risasi ya tatu, Marit, mwanangu alikuwa ameshaishika mkononi. Emmett ndiye aliyembandua vidole akaitoa.

Nilipokuwa hospitali Emmett alishuka kwenye chumba cha chini cha Baba, akamwaga kopo la baruti ya bunduki juu ya karatasi nyeupe. Ile huwa ni vijiti vyeusi vidogo, inawaka taratibu. Katikati ya vijiti akakuta vipande bapa, vingi, kama pilipili manga iliyosagwa vibaya. Hiyo ni baruti ya bastola, inayowaka kwa pupa. Baba alikuwa amejaza risasi za ile bastola yake ya mashindano ya kiangazi, na iliyobaki akairudisha kwenye kopo lisilo lake. Baba! Aliyetuchapa vidole kwa rula kwa kosa la kuweka makopo mawili mezani kwa wakati mmoja.

Na dalili tulikuwa nazo. Alipotea njia ya kwenda kanisani mwezi Mei, tukacheka. Alimwita Clarice kwa jina la Mama, tukacheka. Alikuwa anashuka kwenye meza yake kila alasiri, mikono yake haitetemeki, nasi tukasema mtu mwenye mikono ile hana ugonjwa. Najilaumu sana kwa kicheko hicho.

Alikuja kuniona hospitali na koti lake la Jumapili. Alisimama miguuni pa kitanda, akauliza swali moja tu.

"Zilikuwa risasi za nani?"

Clarice alifungua mdomo, nikamuwahi. "Zangu, Baba. Nilijaza mwenyewe."

"Wewe? Tangu lini unajaza bila mimi?"

"Nilitaka kujaribu."

"Kujaribu! Una miaka arobaini na nane unajaribu! Bwege wee. Mtoto angekuwa ndiye ameshika?" Akapiga chuma cha kitanda kwa kiganja, muuguzi akaja mbio. Kisha akaukamata mguu wangu juu ya blanketi, hakuuachia mpaka muda wa wageni ulipokwisha.

Nilidhani nimefanya jambo la busara. Kumbe mzee aliondoka pale ameamua kunifundisha upya. Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani aliniita chini, akanisukumia kigoda. "Kaa hapo. Tunaanza mwanzo, kama ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Usiniambie unajua. Ungekuwa unajua ungekuwa na macho mawili."

Makopo ya zamani Emmett alikuwa ameshayaondoa, yale yalikuwa mapya. Nikajiambia nitakaa karibu niangalie kila anachofanya. Ukweli mwingine nikuambie bila kuficha, nilikuwa na furaha. Siku tatu mfululizo alinifundisha kukagua shingo ya ganda kwa ukucha, kuitia fataki, kile kidude kinachowasha baruti, taratibu mpaka kidole kiihisi imekaa, kusubiri mizani itulie kabla ya kusoma. Alinitania kwamba nashika mpini wa mashine ya kujazia kama nakamua ng'ombe. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Nilisahau jicho.

Siku ya nne alijaza risasi sita za bastola kunionyesha tofauti. Alipomaliza aliifunga mashine, akakung'uta baruti iliyobaki kwenye kikombe, akanyoosha mkono bila kuangalia, akafungua kopo la bunduki na kuimimina humo. Kisha akapangusa meza na kuniuliza kama nimeelewa.

Aliniangalia usoni, akafuata jicho langu lilipokuwa linatazama, akaliona kopo. Alilichukua akalisoma, akalisogeza kwenye taa akalisoma tena. Akakaa. Mikono yake, ile isiyotetemeka, aliiweka chini ya makwapa kama mtu aliyeshikwa na baridi.

"Halvor. Wewe hukujaza zile."

"Hapana, Baba."

"Ni mimi."

"Ndiyo."

Tulikaa pale mpaka Clarice alipotuita kula, na hatukula.

Kesho yake yeye mwenyewe alinipa ufunguo wa kabati la baruti. Nikachukua masanduku yote ya risasi alizotujazia tangu Juni nikapeleka kwa Emmett, tukazivunja kwenye banda lake. Unajua ile nyundo ya plastiki yenye tundu, unatumbukiza risasi, unagonga kwenye gogo mpaka kichwa kichomoke. Tulizivunja zaidi ya mia sita. Kila sanduku lina ile karatasi ya gundi yenye mwandiko wake: tarehe, baruti, jina la mtu. Solveig, wa kwanza. Hivyo ndivyo alivyoandika kwenye la Solveig, "wa kwanza", yaani msimu wake wa kwanza, na akapigia mstari. Emmett alitoka nje kwa kisingizio cha kuvuta sigara, naye ameacha sigara miaka tisa.

Kwa hiyo nakuomba, Royce avunje na za kwenu. Asimpe mtu, asizitupe mtoni, na baruti yake aimwage mbali na nyumba. Maganda mnaweza kubaki nayo. Ile karatasi yenye jina lako ibandue uitunze, maana siku hizi akishika kalamu herufi zinamkimbia.

Baba haendi tena kwenye meza ile kujaza. Nimemwachia maganda matupu na kitambaa. Anayapangusa moja moja na kuyapanga wima kwenye kile kibao chenye matundu, hamsini hamsini, yanang'aa kuliko yalivyotoka dukani. Akiuliza baruti, namwambia tumeishiwa. Anasema, basi ukienda mjini usisahau. Nasema sitasahau.

Solveig hakwenda kuwinda mwaka huu. Nilimwambia kwamba Emmett yuko tayari kumpa bunduki na risasi za dukani. Akasema atasubiri babu ajaze nyingine. Hajui bado kwamba aliyekosea ni babu, na sijapata maneno ya kumwambia.

Msalimie sana Royce, mwambie namshukuru kwa kumtuma rubani haraka. Wasalimie pacha wenu, Tekla na Birgit, na yule mama mkwe wako mwenye mbwa. Clarice anakusalimu, amekutengenezea soksi atazituma na barua ya Krismasi. Emmett anasema bado unamdai marudiano ya shabaha tangu mwaka sabini na mbili.

Lipo moja limebaki, na ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Wiki iliyopita, Jumatatu asubuhi, Baba aliniangalia wakati wa kahawa akaniuliza, "Halvor, jicho limepatwa na nini?" Nilidhani ananipima. Kumbe hakuwa anakumbuka lolote, hospitali wala kopo. Nikamwambia ukweli, kwa sababu ni baba yangu na sikutaka kumdanganya mara ya pili. Alilia, Marit. Sijawahi kumwona akilia, na natumaini wewe hutamwona. Jumanne asubuhi akaniuliza tena, kwa sauti ileile. Nikasema ukweli tena, nikidhani ni haki yake. Akalia upya, maana kwake ilikuwa mara ya kwanza kusikia. Jumatano sikuweza.

Tangu siku hiyo kila asubuhi namwambia nilichanganya baruti mwenyewe kwa uzembe wangu. Ananiita bwege, ananihesabia makosa yangu yote tangu utotoni, kisha ananipakia siagi kwenye mkate wangu wa lefse, kwa kuwa anasema mtu wa jicho moja asipewe kisu. Ni saa nzuri kuliko zote za siku yake.

Lakini jana aliniuliza, "Unanificha kitu?" Anaujua uongo wangu tangu zamani. Wako hakuwahi kuugundua, na barua zako anazisoma mwenyewe, anazitia mfuko wa shati, anazisoma tena. Basi mwandikie. Mwambie umesikia nilivyozembea, na kwamba unamshukuru kwa kukufundisha wewe vizuri kuliko mimi. Nikemee vilivyo, usinionee huruma hata kidogo. Andika kwa herufi kubwa ili aweze kuisoma kila asubuhi. Hii ya kwangu itie jikoni iungue.

Mungu awalinde huko mtoni, na awape baridi mnayoweza kuivumilia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,

Halvor