Neno Nililokosea Juu ya Damu ya Fosia

Jumatatu, 19 Januari 2026

Kliniki leo, hapa Habaswein. Nilimsindikiza dada yangu Fosia. Mimba ya pili, wiki ya ishirini na saba. Mama mkwe wake, Ayeeyo (yaani Bibi) Maka, alikuja pia. Nesi Golicha hajui Kisomali, wao wawili hawajui Kiswahili. Mtafsiri — mimi! Mimi wanayeniita bubu.

Nesi alieleza. Fosia ni O hasi. Mumewe, Alio, ni B chanya. Mtoto akirithi chanya ya baba, mwili wa mama unaweza kuipiga vita damu yake. Wa kwanza kwa kawaida husalimika, hatari ni kwa wanaofuata. Fosia amepimwa, mwili wake bado haujaanza vita. Kwa hiyo wiki ijayo achomwe sindano ya kinga, Garissa. Akijifungua mtoto chanya, achomwe nyingine ndani ya siku tatu.

Nikaanza kutafsiri: "Damu zao hazipatani." Nikakwama, natafuta neno la kinga. Ayeeyo hakungoja. Akasimama, akatoka. Kwetu damu ni ukoo.

Jumanne, 20 Januari

Ayeeyo amempigia Alio, anayeendesha lori la maji Dadaab. Amemwambia amrudishe Fosia kwao, eti hata hospitali imesema si damu yao. Hakuna kwenda Garissa. Kisha akanigeukia mbele ya majirani: "Kumbe bubu ana mdomo! Siku ya kwanza kuufungua, anavunja nyumba." Wakacheka. Fosia alilia jikoni.

Kosa ni langu. Nitalirekebisha mimi.

Jumatano, 21 Januari

Nilimfuata Ayeeyo mara tatu. Mara tatu nikarudi jikoni. Nimeosha sufuria zilizokuwa safi.

Alhamisi, 22 Januari

Alio alipiga. Nikachukua simu mkononi mwa Fosia na kumweleza yote. Akauliza, nimsikilize mama au nikusikilize wewe uliyemaliza Form Four juzi? Nikasema: "Nisikilize mimi, shemeji." Nilisema kweli! Alio akajibu: mama akikubali, kuna gari la Garissa Jumamosi. Mimi siwezi kumpita mama.

Ijumaa, 23 Januari

Ayeeyo alikuwa anakamua mbuzi. Nikachuchumaa mbele yake kabla sijaogopa. Nilikosea neno, nikamwambia. Hii si habari ya ukoo. Hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Mtoto wa kwanza anapona. Wanaofuata wanaweza kuzaliwa wamevimba, macho ya njano, na kufa.

Akaacha kukamua. "Nani amekuambia?"

Sikuelewa. Kuniambia nini?

Ndipo akasimulia: Alio ni kifungua mimba wake. Baada yake walizaliwa watatu, wote njano kama binzari. Hakuna aliyefika siku ya saba. Watu walisema ni jicho baya. Mumewe akaoa mwingine.

Sikujua! Nilitaka kumshika mkono. Sikuthubutu. Akaendelea kukamua, maziwa yakienda nje ya chombo.

Jumamosi, 24 Januari

Niko kwenye benchi la kliniki. Ayeeyo ametuleta mwenyewe, bila kusema kwa nini. Akamnyooshea Golicha kidole: nitoboe. Nesi akamtania, mama, na wewe una mimba? Sikutafsiri hilo.

Matone ya damu na dawa ya kupimia kwenye kigae. Tone la chanya hushikana vipande vipande. La Ayeeyo limebaki laini. Golicha ametikisa tena, akangoja. Laini. Hasi, kama Fosia.

Gari la Garissa liko nje, dereva anapiga honi. Fosia amesimama mlangoni, hajui apande au arudi nyumbani. Ayeeyo bado amebana pamba kidoleni. Ameniuliza, polepole: wale watatu — wangepona? Kwa sindano tu?

Golicha anataka kujua amesema nini. Nimeinamia daftari wasione macho yangu. Nitamjibu. Natafuta neno, na safari hii sitalitoa kabla halijawa sahihi.