Vioo Juu ya Ufa

Kaka yangu mpendwa,

Sisi tu wazima, ila usingizi nausikia kwa majirani tu. Mtoto anaota meno. Nyumba ya babu mtaa mzima umeishikia bango. Kila Jumamosi watu wanakanda chokaa na kuziba palipobanduka. Kwenye ufa wa chumba cha mama, fundi alibandika vipande vya kioo, akatuambia, "Kikipasuka kimoja, ukuta unatembea. Siku hiyo mnatoka."

Jana alikuta viwili havipo. Mama akajibu bila kupepesa macho, "Mjukuu wangu kavipiga kijiko. Mkono wa babu yake huo!" Tukacheka.

Kaka, vioo vile mimi mwenyewe sivifikii. Leo nimemkuta mama juu ya stuli, anabandua vilivyopasuka. "Nyamaza," akaniambia. "Nikitoka humu sirudi tena."

Sikunyamaza, nilimwita fundi. Sasa mama amejifungia kwa komeo, na fundi anasema tukivunja mlango, ukuta utafuata. Mama anakusikiliza wewe tu. Panda lori hilohilo lililokuletea barua hii.

Mtoto yuko kwa jirani. Mimi naandikia hapa mlangoni pa mama, na ndani nasikia mchanga unamiminika.

Mdogo wako