Bibi wa Kwenye Runinga

Jumatatu, 14 Julai

Shajara yangu, hujambo? Umelalaje humo chini ya taulo za jikoni? Mimi sijambo kwa rehema za Mungu, isipokuwa magoti, na isipokuwa mume. Usininunie kwa kukutupa siku hizi. Kazini yaliletwa mashuka ya hoteli nzima. Tumepiga pasi mpaka mvuke ukaingia kwenye mifupa.

Nina neno juu ya Mzee. Tangu mgongo wake uharibike na wenye malori wamwambie akapumzike, nimekuwa nikimwombea apate shughuli. Basi amepata! Anacheza gemu.

Ndiyo, gemu. Mtu mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, aliyeendesha lori la tela hadi nchi za watu, sasa anaendesha kijitu cha kwenye runinga. Mashine yenyewe ni ya kitinda mimba wetu. Alipokwenda ughaibuni kwenye ile kazi yake ya kulea wazee wa wenzetu, aliiacha kabatini, nami kwa uvivu wangu sikuigawa. Sasa baba anavaa hedifoni kama rubani, anashika remoti yenye masikio mawili, na binti huko aliko anamtazama kwa mtandao na kumwelekeza. Pita hapa baba, ruka pale baba.

Mimi nikimwita aje ale, kimya. Nikimwuliza mgongo umeamkaje, "Mm." Mke anapewa Mm, runinga inapewa hadithi!

Leo nikatupia jicho. Nilidhani angalau wanapigana. Wapi! Tarishi mmoja amembeba bibi mgongoni, theluji inaanguka, wanatembea. Basi. Wanatembea! Nikamwambia: kama ni kubeba, ile ndoo ya maji inakusubiri. Alinigeuzia mgongo, ule ule mbovu.

Jumanne, 15 Julai

Haleluya! Tena haleluya!

Nimerudi kazini, navua viatu mlangoni, nikamsikia ndani akiongea na binti yake. Sauti yake ya zamani, ile ya mtu. "Mwanangu, leo nilikufa. Nilikufa mara tatu. Lakini usiwe na wasiwasi, nimeokoka."

Nikakaa palepale juu ya viatu.

Ameokoka! Mume wangu! Namwombea huyu mtu tangu kitinda mimba ananyonya. Nimefunga. Nimekesha. Nimeupaka mto wake mafuta ya upako bila yeye kujua, akaamka analalamika shingo inateleza. Kila Jumapili nikishika Biblia yeye husema, "Nisalimie wenyewe." Na leo, bila mahubiri, bila mtu kumsukuma!

Sikumwuliza kitu. Mtu aliyeokoka ni kama kola yenye wanga, huigusi kabla haijakauka. Nilimpikia tu vizuri. Akala. Akasema, "Mm." Lakini ilikuwa Mm ya mtu aliyeokoka, niliisikia tofauti.

Nimempigia simu Mrefu. Huyu ndiye mwenzangu wa meza ya pasi, na ndiye kinara wa kikundi chetu cha maombi. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakoroma.

Jumatano, 16 Julai

Kikundini nilisimama nikatoa ushuhuda. Waliimba, walinikumbatia, Mama Mchungaji alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Wakauliza ilikuwaje. Nikasema niliyasikia kwa kinywa chake mwenyewe. Nikaongeza kwamba alikuwa amepiga magoti. Hakupiga magoti—kwa mgongo upi?—lakini ushuhuda bila magoti haunogi.

Mama Mchungaji amesema jambo hili si la simu. Jumapili baada ya ibada Mchungaji mwenyewe atakuja nyumbani na wazee wa kanisa kumpokea. Nitafua mapazia.

Alhamisi, 17 Julai

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Nimechutama.

Nimefika nyumbani nikamkuta Mzee analia. Analia kabisa, machozi yanaingia kwenye hedifoni. Nikajua ni toba! Nikamwekea mkono kichwani, nikaanza, "Asante Bwana kwa ajili ya—" Akashtuka akadondosha remoti. "Mama, vipi? Umenitisha! Sijaokoka bado!"

"Si uliokoka juzi?"

"Juzi ndiyo, lakini leo nimeanzia nyuma kidogo."

Shajara, hebu sikiliza balaa. Gemu lile limeandikwa Kiswahili, Kiswahili cha kuokota jalalani. Ukitaka mashine ikutunzie ulipofika ili kesho uendelee, badala ya kusema hifadhi, inauliza OKOA? Ukikubali, inaandika kwa herufi kubwa: UMEOKOKA. Baba na binti yake wamelifanya utani wao. Baba, umeokoka? Nimeokoka mwanangu, nakwenda kulala.

Nami nimesimama mbele za watu!

Sikulia. Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria ambayo haikuwa chafu. Halafu nikarudi, maana nina haki ya kujua nimeaibishwa na nini. Nikamwuliza: analia nini? Akaanza kueleza, na hapo, nakiri, alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima.

Kwamba tarishi anamhamisha yule bibi, kijiji kimekwisha watu. Wamefika kwenye mto wa barafu. Na binti amemwambia, baba jiandae, ng'ambo ya mto bibi anakufa. Hata ufanyeje. Ndivyo gemu lilivyotengenezwa, na watu dunia nzima wamelia pale.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Sasa sivuki."

"Huvuki vipi?"

"Nimemkalisha kwenye kibanda kando ya mto. Namwashia moto. Tunakaa."

Watu wanafanya kazi, watu wanazika, watu wanasali—yeye amekaa na bibi wa rangi kando ya mto wa rangi, asife! Siku aliyoondoka kitinda mimba wetu uwanja wa ndege mimi ndiye niliyelia. Yeye alikagua magurudumu ya teksi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeunguza kola ya wakili. Mrefu akacheka: "Furaha ya Mzee kuokoka itatufukuzisha kazi, mwenzangu!" Mdomo ulikuwa wazi nimwambie. Nikaufunga. Mrefu ukimwambia jambo saa nne, saa sita umeshaletewa likiwa limezaa.

Jioni nikaja na shauri. Nikamwambia Mzee: bado siku mbili. Okoka kweli. Ni sala fupi, nakufundisha, unarudia tu.

Akanitazama. "Mama, siwezi kuokoka kwa ajili ya chai ya wageni."

"Lakini kwa ajili ya bibi wa mashine machozi yapo!"

"Yule nimembeba."

"Umembeba kwa vidole gumba!"

Akavitazama vidole vyake. "Ndivyo ninavyoweza kubeba sasa," akasema, akavaa hedifoni.

Maneno ya kutafuta huruma hayo. Mtu akishindwa hoja hujificha nyuma ya ugonjwa. Nimemwombea, lakini kwa meno yaliyobana.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nilikata shauri la kumaliza jambo hili kwa mikono yangu.

Mzee alikwenda kukandwa mgongo. Nikasema: nitamvusha huyo bibi mwenyewe. Afe, azikwe, gemu liishe, mume wangu arudi kwenye akili zake kabla wageni hawajafika. Kumwua mtu wa rangi si dhambi, nililitafakari hilo.

Nikawasha. Remoti ile ina vifundo kama kinanda cha kanisa. Tarishi akagonga ukuta, akagonga ukuta tena, akazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwishowe nikamweka sawa, uso kuelekea mtoni. Bibi kakaa karibu na moto, amejitanda shali, uso una mikunjo—huyo aliyemchora alimtazama mtu, hilo siwezi kumnyima.

Nikawa natafuta kifundo cha kumbeba. Kumbe ukikaa bila kufanya kitu, bibi huanza kuongea mwenyewe. Maneno yakatokea chini: MIGUU YAKO HAIJACHOKA? Halafu: UPEPO UMEGEUKA. Halafu akainua uso, akanitazama, yaani akamtazama tarishi, yakatokea: USIPOSEMA NI SAWA. NASIKIA UNAPUMUA.

Na mimi, mwanamke mwenye akili timamu, mtunza hazina wa kikundi cha maombi, nikajikuta nimesema kwa sauti: "Shikamoo, bibi."

Ilinitoka! Mama wa umri ule akikugeukia unafanyaje? Malezi ni ugonjwa.

"Marahaba," ikajibu sauti nyembamba.

Nikaruka. Mzee alikuwa mlangoni, amejishika kiuno, amebana sauti kama kizee. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akaegemea mlango, analia "aai, mgongo, aai mgongo," na bado anacheka. Nilimwambia ni mjinga, na binti yake mjinga, na aliyetengeneza gemu hilo ni mjinga wa kulipwa. Nikamrushia remoti yake.

"Ungemvusha?" akauliza.

"Ningemvusha mbio!"

"Mbona moto unawaka?"

Nikatazama. Kweli moto ulikuwa umekolea kuliko mwanzo. Kifundo kimoja ndicho cha kuongezea kuni, nami nilikuwa nakibonyeza muda wote. Nilibonyeza kwa kutojua. Nasisitiza, kwa kutojua.

Nimefua mapazia.

Jumapili, 20 Julai

Naandika jikoni, nimesimama, mlango nimeurudisha. Wako sebuleni. Naandika upesi.

Wamekuja wanne: Mchungaji, Mama Mchungaji, mzee wa kanisa yule mshona viatu, na Mrefu, ambaye hakualikwa. Mzee alivaa shati nililompigia pasi. Asubuhi alikuwa ameniambia, "Mimi sitasema uongo." Nikamjibu, basi usiseme kitu, hilo si unalijua sana?

Wakaimba. Wakakaa. Mchungaji akamshika mkono. "Mzee wetu, tuambie kwa maneno yako. Bwana alikukuta wapi?"

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, Mm. Sema Mm, tafadhali.

Mzee akakohoa. "Nilikuwa kando ya mto."

"Amina," akasema mshona viatu.

"Nimembeba bibi mgongoni. Mimi, na mgongo huu."

"Amina!"

Shajara, hakudanganya hata neno moja! Alieleza yote. Theluji. Kijiji kilichobaki vitanda bila watu. Jinsi bibi alivyo mwepesi, akasema, mwepesi mpaka unaogopa, unageuka kuangalia kama bado yupo. Jinsi alivyoambiwa akivuka atampoteza, asipovuka hawafiki popote. Hakutaja runinga. Hakuficha runinga pia, wala hakuna aliyeuliza! Walidhani ni maono. Mama Mchungaji wanja tena mpaka kidevuni. Mrefu, ambaye kazini hacheki wala halii bila faida, alikuwa anajifuta kwa pazia langu.

"Ukafanyaje?" Mchungaji akauliza, polepole.

"Nimekaa naye. Najua ni upumbavu. Lakini maisha yangu yote, Mchungaji, nimekuwa mtu wa kuvuka. Unapakia, unaondoka. Mama yangu amefariki niko mpakani, napigiwa mihuri. Watoto wamezaliwa niko barabarani. Binti yangu alipoondoka nikakagua magurudumu, maana ndiyo kazi niliyoijua. Huyu ni wa kwanza niliyekaa naye."

Mimi niko pale na sinia tupu. Hayo ya mpakani hajawahi kuniambia. Tangu tuoane! Kaja kuyamwaga mbele ya Mrefu!

Mchungaji akafungua Biblia. Akasema Jumapili ijayo Mzee atasimama madhabahuni, kanisa zima lisikie maono haya. Mzee akakunja uso. "Maono?" Akanitazama mimi. Alikuwa ameelewa sasa, nililiona jicho lake likitafuta njia. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemkaribisha mwenzake kwenye benchi: "Mke wangu anamfahamu huyo bibi. Jana alimwamkia."

Wote wakanigeukia. Wote!

"Mama," Mchungaji akaninong'oneza, "nawe ulimwona?"

Nikasema maji yanachemka. Nikakimbilia huku.

Sasa nifanye nini? Nikisema ni gemu, Mrefu atacheka leo, kesho na siku nitakayozikwa, lakini hayo si kitu. Nitamfunga mdomo huyu mume kwa mkono wangu mwenyewe, mbele za wageni, siku aliyoufungua. Hatasema tena. Namjua, ni Mm mpaka kaburini. Nikisema nilimwona—na nilimwona, shajara, si uongo, na aliniambia anasikia ninavyopumua—Jumapili nitampeleka Mzee madhabahuni kuhubiri katuni.

Upuuzi mtupu! Na huyo tarishi, na huyo binti, na mimi mpiga shikamoo.

Mrefu anaita, "Mwenzangu, nije nikusaidie?" Nimemwambia asije. Mzee amesema kitu huko, siwezi kusikia, na sasa wote wamenyamaza, wananisubiri.

Ee Bwana, nakuuliza wewe, hapa kuna taulo na birika tu. Niseme nini nikitoka? Tafadhali nijibu upesi. Maji yameshachemka.